Ulitembea Mara Mbili

Dongobesh, Jumapili mchana

Mwanangu Paulina,

Wewe na Danieli mko Hirbadaw tangu jana kumuaga bibi yenu, na baba yako yuko zizini anajifanya ana kazi. Nyumba imetulia. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, maana karatasi nzuri zote umeshazipakia. Maagizo sina. Habari za kuchemsha maji, kuanika godoro na kutowaazima watu ndoo nimekuimbia wiki nzima, mpaka ukaniuliza kama anayekwenda chuoni ni mimi au wewe. Ninalotaka kukuambia leo nimeshindwa kulisema kwa mdomo, na unajua mimi si mtu wa kushindwa na mdomo.

Ni kuhusu kadi yako ya kliniki.

Jumatatu ulipokuwa unatafuta cheti cha kuzaliwa kwenye sanduku la bati, uliikuta huko chini, ukaja nayo jikoni unakimbia. "Mama, ona mstari wangu! Kijani mwanzo mpaka mwisho, hauna hata kona! Hii naenda nayo. Nitawaonyesha wenzangu mama yangu alikuwa nesi wa namna gani." Nikakwambia nenda ukaanue nguo, mvua inakuja. Mvua haikuwepo. Ukaenda ukaanua bila kuuliza, kwa sababu hujawahi kunitilia shaka, na tangu saa ile sijapata raha.

Ule mstari ni wa uongo, mwanangu. Mwanzo wake ni wa kweli na mwisho wake ni wa kweli, lakini katikati, miezi minane ya mwaka wako wa pili na mwanzo wa wa tatu, nimeutengeneza mimi. Nilikuwa nakupima, naona kilo zako, halafu nachora kidoti mahali pengine, juu zaidi, mahali ambapo mtoto wa nesi alipaswa kuwa.

Ngoja nianze mbali kidogo, usije ukaona najitafutia sababu kabla hujajua kosa.

Nilipangiwa kazi bondeni, upande wa Yaeda Chini, nikitokea Tabora, msichana mwenye cheti kipya na kiburi kipya. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, mhudumu mmoja aitwaye Martina, na mimi. Baba yako nilimkuta huku. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huku juu Dongobesh, akishuka Jumamosi kwa baiskeli na kupanda tena Jumapili, na barabara unaijua. Wewe ulizaliwa mwaka wa pili wa ndoa. Ulikaa ukiwa na miezi mitano na nusu, nikajivuna. Jino la kwanza ulilipata ukiwa na miezi sita, ukaning'ata nalo siku hiyohiyo. Neno lako la kwanza halikuwa mama wala baba. Ulisema "hodi," kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ukuta kwa ukuta na zahanati na hilo ndilo neno ulilosikia tangu asubuhi mpaka jioni. Ukawa unasema hodi kwa mbuzi, kwa sufuria, kwa mguu wa baba yako. Na ukiwa na miezi kumi na moja ulitembea, hatua nne, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kijiko cha uji mkononi. Hayo yote ni kweli. Hayo unaweza kumsimulia mtu yeyote.

Lakini siku ulipotembea mimi nilikuwa tayari na mimba ya Danieli, na watu walikuwa hawajajua.

Unalijua neno kubemenda, ingawa mimi nimelikataza ndani ya nyumba hii. Mama akipata mimba na mtoto bado ananyonya, mtoto yule akaanza kukonda na kulegea, watu wanasema amembemenda, na wanalisema kwa sauti ya kusema amemwibia. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wanawake kila siku ya kliniki kuwaambia waache maneno hayo, maziwa ya mama hayaharibiki, wasimkatize mtoto ghafla, na wapange uzazi. Kupanga uzazi! Na mimi mwenyewe nilishika mimba wewe ukiwa na miezi saba. Nyani haoni kundule.

Sasa sikia nilichofanya, mimi niliyesoma. Nilipojua nina mimba, niliyaogopa maziwa yangu. Nilijua darasani tulifundishwa nini, na bado usiku mmoja tu wa kukusikia unakohoa ulitosha kunifanya niwaze kama mwanamke ambaye hajawahi kuliona darasa. Asubuhi nikayapaka matiti shubiri. Ulinyonya, ukaacha, ukanitazama. Ukajaribu la pili, ukakuta chungu vilevile. Hukulia, na hilo ndilo lililoniuma, maana ulirudi nyuma ukakaa ukaliangalia ziwa kama mtu aliyeitwa mahali halafu akakuta mlango umefungwa. Ulikuwa na miezi kumi. Kilichofuata kilikuwa uji mwembamba wa mahindi aliokupikia msichana wa kazi, kwa sababu mimi nilikuwa nawafundisha wanawake wenzangu namna ya kupika uji mzito.

Danieli alizaliwa ukiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kila alilofanya yule nilikuwa nalo. Najua alitabasamu lini, najua aligeuka lini kutoka tumbo kwenda mgongo, na alikuwa anatazama upande gani. Ukiniuliza wewe katika miezi hiyo ulijifunza neno gani jipya, sijui. Ulikuwepo pale pale chini, kwenye mkeka, mgongo ukutani, nami nilikuwa nakuruka kupita. Nilisema umetulia. Niliwaambia watu una tabia nzuri.

Miezi mitatu baadaye uliacha kutembea. Haikuwa siku moja. Kwanza uliacha kukimbia, halafu ukawa unasimama kwa kushika kitu, halafu asubuhi moja nikakuita ukaja kwa makalio. Nywele zako zilikuwa zimeshaanza kuwa laini na nyekundu. Hizo dalili nimezifundisha kwa picha, Paulina. Ningempa mtoto wa mtu mwingine rufaa kabla mama yake hajakaa kwenye benchi. Wewe nilikuweka kwenye mizani ile ya kuning'inia wakati Martina ametoka, nikaona kilo saba na nusu, nikakushusha haraka, nikachukua kalamu.

Rangi ya kijivu, ya uzito pungufu, ilikuwa chini ya kidole changu. Nikachora kwenye kijani.

Nilijiambia ni mwezi huu tu. Mwezi ujao utakuwa umepona, kidoti kitakuwa cha kweli, na huu hautajulikana. Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu, nilikandamiza kalamu mpaka wino ukaenea kidogo, ukikitazama kidoti kile vizuri utaona. Wa pili wino haukuenea. Wa tatu nilikuwa nazungumza na mtu huku naandika.

Baba yako alikuja Jumamosi moja akakuinua, akasema, "Huyu mbona mwepesi? Na mbona hatembei?" Nikamjibu, "Ana wivu na mdogo wake. Anadeka. Wote huwa hivyo." Akakurudisha kwenye mkeka. Nani angebishana na nesi? Bibi yako naye alituma ujumbe aletewe mtoto akae naye juu, anywe maziwa. Nikakataa. Nilisema atakukosesha chanjo. Ukweli ni kwamba bibi yako ana macho, angekuvua nguo akuogeshe, na jioni hiyohiyo ukoo mzima ungejua kwamba yule nesi wa Tabora amembemenda mtoto.

Walipokuja wasimamizi kutoka wilayani, nilimwambia Martina akae nawe chumbani akufungie mlango. Kadi yako niliiacha mezani. Mmoja wao akaifungua akasema, "Hii ndiyo kadi ya kufundishia." Najua ungependa nikwambie kwamba hapo niliona aibu. Nilifurahi, mwanangu. Niliifurahia sifa ile kabisa, wewe ukiwa nyuma ya mlango hatua kumi kutoka pale. Na kuanzia hapo nikawa naifanya kweli ya kufundishia. Kila siku ya kliniki naishika juu, nawaambia akina mama tazameni, huyu ni wangu, nimezaa karibu karibu na bado mstari haujashuka, ninyi mnashindwa nini?

Kulikuwa na mama mmoja wa kifugaji aliyekuwa anatembea tangu alfajiri kuja kliniki. Mtoto wake alikuwa kwenye kijivu miezi miwili mfululizo. Nilimsimamisha mbele ya benchi zima. Nilimsema. Unakijua kinywa changu kikichoka, basi kifikirie kikiwa na uongo wa kulinda. Nilimwambia ng'ombe wake wamenona kuliko mwanawe, na wengine wakacheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alikuwa anakutazama wewe.

Siku ile msichana wa kazi alikuwa ameondoka, na wewe ulikuwa umejikokota mpaka mlango wa chumba cha kupimia. Yule mama akachuchumaa, akakushika kifundo cha mguu kwa vidole viwili, akaachia. Kisha akasema taratibu, Kiswahili chake kikiwa kifupi kama cha watu wa kule, "Nesi, hii ndiyo ya kadi?"

Nikaifunga kadi.

"Karatasi imenona," akasema. "Mtoto amekonda."

Benchi lote lilisikia. Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikataka imeze yule mama. Nikafunga kliniki kabla ya wakati, nikasema chanjo zimekwisha, na hazikuwa zimekwisha. Kwa hiyo kuna watoto walirudi nyumbani bila sindano siku ile kwa sababu yangu, hilo nalo liongeze.

Jioni nikiwa nimejifungia ndani nikasikia hodi. Wewe ndiye uliyejibu, kwa neno lako lilelile, kwa sauti ndogo sana. Alikuwa ni yeye. Hakuwa ameondoka, alikuwa amekaa kwa ndugu zake karibu na lambo. Alikuja na kibuyu cha maziwa. Hakuniambia neno la kunituliza, wala hakuniambia la kunikosoa. Akaingia, akakaa chini, akakupakata, akakunywesha kwa kifuniko kidogo kidogo, unameza, anangoja, unameza. Danieli alikuwa analia kitandani nami sikwenda kumchukua. Alipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Kesho wewe unanywesha au mimi?"

Nikasema, "Mimi."

"Haya. Mimi naangalia."

Na aliangalia. Wiki tatu alikuja kila jioni, na mwanawe mgongoni. Uji nilikupikia mwenyewe, mzito, wa karanga na mayai, ule wa kwenye picha. Utaniuliza kwa nini sikukupeleka hospitali. Gari la chanjo lilipita likiwa na nafasi, dereva akauliza kama kuna wa kupanda, nikasema hakuna. Ungeweza kufa, Paulina. Watoto waliokuwa na kilo zako na nywele zako wamekufa mikononi mwangu. Nilijua hivyo wakati ninasema hakuna. Naliandika polepole ili na mimi nilisome.

Siku moja Danieli, wa miezi minane, alikuwa anachezea kidole chako, akakitia mdomoni. Alikuwa ameota jino na mimi sijajua. Akakung'ata. Ukashtuka, ukamtazama, kisha ukacheka. Nilikuwa nakunja vitambaa nikasimama na kitambaa mkononi, kwa sababu sikukumbuka ulicheka lini mara ya mwisho. Jino la Danieli uliligundua wewe. Lilinifanya nikae chini nilie, na ninyi wawili mkanishangaa.

Miezi miwili baadaye Danieli alianza kusimama dede kwa kushika benchi la wagonjwa. Na wewe, mwenye miaka miwili na miezi miwili, ukashika benchi hilohilo upande wa pili. Miguu yako ilitetemeka kuliko yake. Yeye akiangukia makalio anapiga makofi, wewe ukianguka unageuka kuangalia kama nimeona. Mlikwenda hivyo siku nne, ubavu kwa ubavu, mpaka asubuhi moja ukaliachia benchi ukaja mpaka kwenye sketi yangu. Ile hadithi ya baba yako anayowasimulia wageni, kwamba ulikuwa dada mwema ukamshika mdogo wako ukamfundisha kutembea, ni ya kwangu. Niliitunga nikampa, naye akaipokea kwa furaha. Ukweli ni kwamba mlijifunza pamoja. Ulitembea mara mbili, mwanangu, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na mara ya pili ndiyo niliyokuficha.

Kadi nikaanza kuijaza vizuri ulipofika kwenye kijani kweli. Ndiyo maana mwisho wake ni wa haki. Sikurudi nyuma kuirekebisha. Wala sikuwaambia wale akina mama chochote. Niliacha tu kuishika juu, nao wakaacha kuniuliza. Na yule mama wa kibuyu, mvua zilipokatika walihama na ng'ombe wao. Kwenye rejista niliandika jina la mtoto wake, kijiji na kilo. Jina lake yeye sikuwahi kumuuliza. Nimekaa na hilo miaka yote hii, na likinijia nikiwa kanisani huwa natoka nje.

Baba yako nilimwambia juzi. Aliokota ufagio wa zizi, akasimama nao. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa namwinua mtoto mgonjwa nikidhani anadeka." Halafu akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukusaidia hapo." Tangu juzi ng'ombe wetu wamefagiliwa zizi mara sita.

Unakwenda kusomea kazi yangu. Watakufundisha mizani na kadi vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi, siku hizi kuna mpaka vishikwambi. Siwezi kukuongezea kitu hapo. Ninachojua mimi ni kidogo na nimekipata kwa njia mbaya. Mama akikudanganya kuhusu mtoto wake, usikimbilie kusema ni mjinga. Mara nyingi amekuogopa wewe. Mimi nilikuwa namwogopa nani, na kalamu ilikuwa yangu? Niliogopa benchi lile. Niliogopa kinywa kama changu. Kila nilipomsema mwanamke mwingine nilikuwa najiongezea sababu ya kuficha, na wewe ndiye uliyekuwa unalipa, kijiko kwa kijiko.

Na mtoto mshike kwa mkono kabla hujasoma karatasi. Basi, sitahubiri. Nilihubiri vya kutosha wakati sikuwa na haki.

Kadi ni yako, sikuichana, ingawa Jumanne niliishika karibu na moto. Leo asubuhi nimekaa nayo nikachora vidoti vya kweli kwa kalamu nyekundu, vyote vinane, chini ya vile vya uongo. Sikuhitaji kuuliza mtu wala kutafuta rejista. Kilo zako za miezi ile nazijua kama ninavyojua jina lako. Ukitaka kuwaonyesha wenzako, waonyeshe mistari yote miwili. Ukitaka kuitupa, itupe. Ukiona huwezi kuwa nesi kwa sababu yangu, sitakuwa na la kusema, lakini nitaumia sana, na nimeona nikwambie hilo pia kuliko kujifanya jasiri.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ningekuomba hapa nyumbani ungesema "yameisha, mama," haraka haraka, kwa sababu wewe una moyo huo na kwa sababu ulizoea tangu mdogo kukaa kimya ukutani ili mimi nipite. Nataka safari hii usiwe mtulivu. Ndiyo maana naiweka barua ndani ya begi la mkononi, najua utaifungua kabla basi halijafika Babati, huwezi kukaa na bahasha iliyofungwa.

Kesho nitakuwa kazini, na simu itakuwa mfukoni, jambo ninalowakataza wenzangu. Ukipiga, usiniamkie. Nimekulea ukiamkia hata wakubwa usiowajua njiani, lakini kesho anza moja kwa moja na kilichoko moyoni, hata kikiwa kikali, hata kama ni kulia tu. Sitakukatiza. Ukimaliza, kama bado unayo shikamoo ya kunipa, nitaipokea. Kama huna, nitakaa na simu sikioni mpaka ukate wewe.

Mimi mama yako.